Mpwa Wangu Aliniombea Msamaha Nisioutaka

Bwana asifiwe! Mlio nyuma sijawasikia. Yaliyoumwa ni macho yangu, masikio ni mazima. Bwana asifiwe tena.

Ndugu zangu, mimi ni mkulima na mfugaji wa Butiama. Nilisoma hadi kidato cha nne, na elimu hiyo niliitumia zaidi kubishana. Kwa miaka mingi sikumsalimia jirani yangu, Mzee Magesa, kwa sababu ya nyama. Kwenye sherehe ya kumuaga binti yangu Nyamisi, Magesa ndiye aliyegawa. Kidari, ambacho kwetu ni cha baba wa binti, akampa mzee mwingine. Mimi nikaletewa shingo. Basi nikaziba kwa miiba njia ya shambani kwangu iendayo lamboni, ng'ombe zake zikawa zinazunguka kilima kizima kutafuta maji. Jioni nilikuwaga nakaa nje kuziangalia zikizunguka, moyo unafurahi. Jumapili nipo kanisani, naimba.

Macho yakaingia ukungu, nikaambiwa nifanyiwe upasuaji, kisha nikapumzike Bunda kwa Nyamisi. Nilihitaji mtu wa kunifuatilia hati ya shamba. Nikamchagua mpwa wangu Mafuru, mtoto wa dada yangu, kwa kuwa alivaa tai na kuniita mheshimiwa. Tukaenda kwa wakili pale Mukendo, Musoma mjini, kuandika hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumruhusu mtu atende kwa niaba yako. Wakili akauliza nampa mamlaka ya jambo gani.

"Baba, sema kufuatilia hati tu," Nyamisi akaninong'oneza.

Nikamwambia wakili aandike mambo yangu yote. Niliona nikitaja jambo moja, nitaonekana mzee asiye na mambo.

Nikiwa Bunda, macho yamefungwa bandeji, akaja mgeni. Akanisalimia kwa upole, akaniwekea nyama ya kuchoma mkononi. Nikadhani ni mzee wa kanisa. Nikala, nikamsifu na kumbariki, ndipo akajitaja.

"Ni mimi, Magesa. Nimekuja kukushukuru kwa kuniomba msamaha."

"Nilikuomba lini?"

"Kupitia kwa mpwa wako. Alileta mbuzi kutoka zizini kwako, akasema amekuja kama wewe. Alilia mpaka mke wangu akamletea maji. Na miiba ameitoa. Ila, mzee mwenzangu, imeniuma kusikia unauza shamba lenye kaburi la mama Nyamisi."

Nikaiweka chini nyama iliyobaki. Kumbe mnunuzi alikataa shamba lenye ugomvi, Mafuru akaumaliza ugomvi kwanza ili apate kuuza. Mimi siuzi pale. Mke wangu amelala pale, na mimi nitalazwa pale.

Ndugu zangu, aliyenishika mkono kwenda Musoma ni yule yule niliyemnyima njia ya maji. Wakili akaandika hati ya kufuta ile ya kwanza. Nakala tukapeleka ofisi ya ardhi, tukabeba nyingine za serikali ya kijiji na za Mafuru mwenyewe, maana wakili alituonya kwamba ukiifuta kimya kimya watu wataendelea kumwamini aliyeishika.

Tulifika Butiama kikao cha kijiji cha kupitisha uuzaji kimeshaanza. Mnunuzi alikuwa bado hajatoa kitu. Mafuru alisimama na tai yake.

"Mjomba, kwenye kikao hiki mimi ndiye wewe."

"Basi mjomba wa pili akae," mwenyekiti akasema, "tumsikie wa kwanza."

Hati ya kufuta ikasomwa, uuzaji ukakataliwa. Mafuru akaona hana pa kushika.

"Sawa. Kama anafuta niliyoyafanya kwa jina lake, afute na msamaha. Magesa arudishe mbuzi, na miiba irudi njiani."

"Mbuzi tulishamchinja," Magesa akajibu. "Kidari amekila mwenyewe, Bunda."

Kikao kilicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi sikucheka. Kidari nilichokinunia miaka yote hiyo niliwekewa mkononi na adui yangu, nikiwa kipofu, nikala bila kumjua. Nikasimama na miwani yangu myeusi. Nikasema karatasi nimeifuta, lakini msamaha haufutwi. Tena ule ulikuwa wa Mafuru, wangu ni huu. Nikamwomba Magesa kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu. Upasuaji wa macho ulikuwa rahisi kuliko hapo.

Mafuru yule pale, leo hana tai. Nimemsamehe. Karatasi nyingine simpi.

Ndugu yangu, kama kuna mtu humsalimii, nenda leo ukiwa na macho yako. Usingoje kuombewa msamaha na mtu mwenye haja zake. Na mambo yako yote mkabidhi Yesu, maana huyo pekee ukimpa yote hauzi kitu chako. Namshukuru kwa macho haya. Jioni bado nakaa nje kuziangalia ng'ombe za Magesa, siku hizi zikipita shambani kwangu kwenda kunywa maji.