Urbani na Chungu Kisichotaka Mafuta

Nyie vijana wa ofisi hii, nani kawatuma kupaka chungu mafuta? Mlitaka kupamba meza ya sherehe, mmeharibu kazi ya mwisho ya Urbani. Kaeni chini msome anayeondoka ni nani.

Urbani amefanya kazi miaka thelathini na mitano. Anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2003. Alianzia ghala la kahawa Mbinga. Biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi wakajaa, kazi ghalani ikapungua, naye akateremka huku Mbamba Bay kwenye kampuni yetu ya picha za kompyuta. Mimi tayari nilikuwa napika chai hapa. Nilimcheka: mtu mzima anajifungia chumba cheusi, anazungusha taa juu ya jiwe!

Kumbe anapima. Taa ikisogea, kamera inashika mwanga umerudi kiasi gani na umeelekea wapi, na kompyuta inajifunza kuchora kitu kile kama kilivyo. Siku moja aliniita nitazame. Taa ilipita polepole juu ya ngozi ya samaki, kama mwezi unavyopita juu ya ziwa, nikasahau chai jikoni mpaka ikakauka. Kwenye kompyuta samaki yule aling'aa, nikanyoosha mkono nimshike. Nikagusa kioo. Urbani alicheka kutwa nzima, mtu mbaya yule.

Shida yake ni sisi. Huku kwetu kitu hakiendi kwa mgeni bila kufutwa na kupakwa mafuta. Vyungu, hata mawe, vililetwa vinang'aa. Akipima, anapima mafuta. Alipomrudishia Hedwiga, mfinyanzi wa Lundo, chungu chake, alifokewa: "We Urbani, mgeni gani huyo anataka chungu hakijaoga?" Lakini mama huyo akamfinyangia kingine, kikavu, na vumbi lake. Ndicho mlichokipaka jana.

Hedwiga sasa mikono inamtetemeka, hafinyangi tena. Amebakiza kimoja tu ambacho hakijapikiwa. Urbani asipokipima kabla hajaondoka, wajukuu wataona kwenye kompyuta udongo wa Lundo unang'aa kama sufuria mpya, na watauamini huo uongo.

Mdogo wangu Urbani, asante kwa kutuonyesha vitu tulivyovizoea. Nenda kaishi kwa raha, sasa samaki umle.

Na wewe Melkior uliyeshika chupa ya mafuta, nawa mikono kwa sabuni, nenda Lundo leo hii. Mwamkie Hedwiga shikamoo, umwombe radhi, ukilete chungu ndani ya majani makavu ya mgomba. Na mtu asikifute!