Halbadiri ya Shemsa

Ndani ya gari la Kiembe Samaki, Shemsa alikaa nyuma ya Nadir, kajifunika nikabu. Nadir ndiye aliyemwigizisha filamu ya majini waliyoipiga kwa simu. Ili watu waamini mkanda ni wa kweli, akatangaza mtandaoni kuwa Shemsa kapotea, naye akamtaka ajifiche. Filamu ilikuwa haijamtisha mtu bado, tangazo lilishatisha.

Bibi aliyekaa ubavuni mwa Nadir aliiona picha ya Shemsa kwenye simu yake. "Na wewe unamtafuta huyo maskini?"

"Ndiyo, bibi."

"Usihangaike, mwanangu. Jana mtaa mzima tumemsomea halbadiri huyo aliyempoteza. Hasalimiki."

Nadir akaizima simu. "Na kama kajificha mwenyewe?"

"Basi itamshukia yeye."

Nyuma yao, Shemsa akaivuta nikabu hadi machoni. Gari likasimama. Wote watatu walikuwa washuke hapo. Alishuka bibi peke yake.