Muzna binti Abrahman, 1985–2002: Pumzi Iliyosikilizwa na Nyumba Nzima

Wazee wetu, ndugu na majirani mlioitikia hitma hii, mimi Majid, mjomba wake marehemu, nimeombwa na wazazi wake niwasomee maisha ya mtoto wao.

Marehemu Muzna alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1985, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Abrahman na Bi Ruqaya. Pumu ilimshika mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo nyumba ile ikajifunza kusikiliza. Mama yake aliweza kuwa jikoni anakuna nazi, mkono ukasita, akauliza, "Huyo ni Muzna au paka?" Udi ukakoma kuchomwa ndani. Bibi yake, Bi Duni, anayependa udi kuliko chakula, akawa anakwenda kufukiza nguo zake kwa jirani.

Alianza skuli mwaka 1992, na mwaka 1999 akaingia kidato cha kwanza. Muhula wa kwanza alishikwa vibaya njiani, na baba yake akataka kumtoa.

"Hapa nyumbani nnakuona," alimwambia. "Huko nani atakuona?"

"Baba, hata ukiniona, huwezi kunivutia pumzi."

Asubuhi yake Bwana Abrahman alimwacha aende, lakini siku ile dukani kwake hakufanya kazi yoyote ya maana.

Muzna mwenyewe alikuwa na hofu yake. Pampu ya dawa aliifunga ndani ya soksi, akaiweka chini kabisa mkobani, na wenzake aliwaambia ana mafua. Hakutaka kuonekana kilema. Ramadhani ya Disemba 1999 aliuficha ugonjwa hata nyumbani. Alizuia kikohozi, akakataa kuvuta dawa mchana, mpaka akaanguka kwenye chuo cha Qurani baada ya Alasiri, midomo imegeuka rangi. Alipopata nafuu hospitali, mwalimu wake wa Qurani, Maalim Msabah, alikuja kukaa pembeni ya kitanda.

"Kwa nini hukuvuta dawa, mwanangu?"

"Naogopa, Maalim. Watasema nimekula."

"Mgonjwa karuhusiwa kula, akalipa akipoa. Wewe nani kakukataza kupumua?"

Alilia sana siku ile. Kuanzia hapo alivuta dawa yake, na siku zake akazilipa.

Mwaka 2001, walipokuwa wakifagia darasa, mwenzake Sichana, msichana wa Matemwe aliyekuwa akikaa mjini kwa shangazi yake, alibanwa kifua mbele ya wote. Wasichana walirudi nyuma, wengine wakidhani pumu inaambukiza. Muzna alifungua mkoba, akaitoa pampu kwenye soksi.

"Vuta. Nitazame mimi, usiwatazame wao."

Mmoja akasema, "Kumbe na wewe!"

"Na mimi. Tangu mdogo."

Baada ya siku ile hakuificha tena, na wasichana wengine wa skuli wenye pumu walianza kumfuata, mmoja mmoja, kumuuliza mambo waliyoona haya kumuuliza daktari.

Hakujaaliwa kuolewa. Jamaa mmoja alipowahi kushauri ugonjwa ufichwe ili posa zije, Muzna alimuuliza kwa adabu, "Na huyo mume, atakuwa kiziwi?"

Juni mwaka huu Sichana alimwalika Matemwe kwenye harusi ya dada yake. Baba alikataa, akakubali, akakataa tena. Mwisho alimwacha, na siku zote za harusi alikuwa akitoka mlangoni kutazama njia. Muzna alirudi kaungua jua, sauti imemkauka kwa kuimba. Baba yake alimwekea sikio mgongoni hapo hapo mlangoni. Kifua kilikuwa shwari.

Maradhi yalimkuta nyumbani. Alipata mafua mwanzoni mwa Agosti, na Jumamosi ya tarehe 10, mchana, pumu ikapanda. Alivuta dawa, haikumfungua. Alifikishwa Hospitali ya Mnazi Mmoja bila kuchelewa, akatiwa oksijeni na sindano. Hakuwa mbali, hakuwa peke yake, na hakuna kilichowezekana ambacho hakikufanywa. Wazazi wake wanaomba mlijue hilo, kwa sababu wao wenyewe bado wanajiuliza.

Mama yake alikuwa ameinama akimsikiliza. Muzna alisogeza kidogo kifuniko cha oksijeni. "Mama, mbona hupumui? Pumua basi."

Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 11 Agosti 2002, akazikwa siku hiyo hiyo Mwanakwerekwe.

Ameacha baba, mama, bibi yake Bi Duni, kaka yake Jamil, na Sichana, ambaye tangu Jumapili hajatoka chumbani kwa Bi Ruqaya.

Mola amsamehe, alifanye kaburi lake kuwa pana lenye hewa, na ampumzishe Muzna wetu pasipo na dhiki. Amin.