Siku Tuliyonyamaza Mkutanoni

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Suzana, inua mto huu kidogo. Chenge, funga dirisha, kelele za Mabatini leo zinanishinda. Na wewe Elias, vua hilo koti walilokupa kazini, ukae hapa karibu na miguu yangu, maana mengi ninayosema yanakuhusu wewe.

Nianze na mepesi. Nyumba hii na fremu yake ya duka ni ya Suzana, aliyeniuguza tangu mvua za kwanza, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba mwanamke harithi. Ng'ombe watatu walioko kwa mjomba wenu Ndalahwa ni wa Chenge. Shamba la ng'ambo, kule Kamanga, ni lenu wote watatu, kama Jumapili litakuwa bado lenu, na hilo ndilo lililonifanya niwaite leo mchana, kwa sababu mkutano wa kijiji ni Jumamosi na daktari hakuniahidi Jumamosi.

Mnajua nilivyoanza kukaa kimya. Nilikuwa kijana kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hasira zangu zinajulikana hadi Nansio, na fundi wetu mkuu alikuwa mtu wa Sri Lanka, Wijesinghe. Kwao ni Wabudha. Yeye sanamu na ubani aliviacha nyumbani, habari za kuzaliwa tena baada ya kufa alisema hazijui, akabaki na jambo moja tu: kukaa chini kabla ya zamu, kuifuata pumzi, na kuitazama hasira inavyokuja na inavyoondoka bila kuipa fimbo. Nilijaribu kwa kumcheka. Mwaka haukuisha, mama yenu akaacha kushtuka kila ninapofungua mlango, na kwa hilo namshukuru mtu yule mpaka leo. Alipoondoka aliniachia ile gia kuukuu ya mashine inayoning'inia pale ukutani, niigonge kwa bolti iwe kengele yangu.

Kanisani walisema nimeingia frimasoni, bibi yenu akadhani nimeshikwa na mizimu ya ugenini. Nikaendelea. Kule kijijini Kamanga tukafika watu ishirini na watatu, wavuvi na wakulima, tunakaa kila jioni nyuma ya nyumba, na watu wakatuheshimu kwa sababu waliona ulevi unapungua na ndoa zinapona. Wagombea nao wakaja na kofia zao kutuomba kura. Niliwaambia wenzangu kwamba siasa ni kelele, kazi yetu sisi ni pumzi. Nilisema kwa majivuno, wanangu, na maneno hayo ndiyo yananiunguza kitandani hapa.

Sikilizeni sasa jambo ambalo siku zote nimelisimulia nusu. Siku mwekezaji alipoletwa mkutanoni kuutaka mwalo, pale mitumbwi inaposhusha dagaa na wanawake wanapochota maji, watu walianza kuzomeana na damu ikanichemka. Nikafanya nilivyofundishwa, nikafumba macho, nikaifuata pumzi. Wenzangu waliponiona nimefumba nao wakafumba, safu nzima ya mbele, na waliotegemea tuwasemee wakatutazama, wakanyamaza. Mwenyekiti akauliza nani anapinga. Nilimsikia vizuri. Nikasema moyoni, ngoja hasira ipite kwanza, nitasema nikiwa mtulivu. Ilipopita nikafumbua macho, mtendaji alikuwa ameshafunga daftari. Kwenye muhtasari waliandika kwamba hakuna aliyepinga, hata wazee wa utulivu walikubali.

Uzio ukasimama. Wanawake wakahamia kuchota maji kwenye matete, na kwamba matete yale yana mamba hata mtoto wa kijiji anajua. Leonsia, mke wa jirani yetu Nestory, alishuka asubuhi na ndoo ya njano, na kilichorudi ufukweni ni ndoo. Baada ya matanga Nestory alikuja kwangu, hakuniamkia, akaniuliza swali moja: Mwalimu, siku ile ulikuwa unapumua? Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Msimchukie. Siku ya kunizika, akitaka kutupa udongo wa kwanza mpisheni, asipotaka msimuulize.

Sasa Elias. Nilikufundisha mwenyewe ukiwa na miaka tisa, na umenizidi. Kengele yako inalia kwenye simu, watu wa ofisini wanakaa na wewe wakiwa kila mtu kwake. Kampuni ya mwekezaji ilipokuita uwatulize wafanyakazi wake sikusema neno, nikadhani ni kazi kama kazi nyingine. Juzi Chenge kaniletea ratiba ya Jumamosi. Ajenda ya tatu ni kumpa mwekezaji eneo lililobaki, kutoka makaburini mpaka kisimani, kaya arobaini na sisi tukiwemo. Ajenda ya kwanza ni dakika ishirini za utulivu, zitakazoongozwa na Elias Masele. Niliisoma mara nne. Wamejifunza kwetu, mwanangu. Waliona ukimya wetu ulivyowafaa, sasa wanautaka wa kijiji kizima. Naogopa, na hofu hii nimeitazama siku tatu, haiondoki.

Wijesinghe aliwahi kuniambia kwamba tunakaa ili tuone, na tukishaona tunasimama. Mimi nilikaa tu.

Suzana, chukua gia ile, ni yako. Jumamosi pandeni kivuko cha kwanza. Mwenyekiti akiuliza nani anapinga, igonge, usimame, useme napinga, utaje jina lako lote, na usikae mpaka mtendaji aandike ukimwona. Chenge afuate. Kama mna hasira, semeni nayo hivyo hivyo. Na kama nitakuwa nimeshaondoka, msikae matanga. Mkutano kwanza, mimi nitasubiri.

Nipeni maji. Hapana, basi, hayapiti.

Ziwa liwape maji na liwarudishe nyumbani na ndoo zenu mikononi. Watoto wenu wasiogope kusikia mlango ukifunguliwa. Mlale mkiwa mmesema mlilokuwa nalo.

Pumzi hii nimeifuata miaka arobaini, leo inanitangulia. Nataka nilisikie lile neno, napinga, humu ndani, mmoja mmoja. Suzana.

Vizuri. Chenge... kwa sauti, mwanangu. Haya.

Elias.

Elias, nakusikia unavyopumua, taratibu, sawasawa kabisa na nilivyokufundisha. Fumbua macho, baba.

Suzana... mimi sioni tena. Amefumbua?