Plazma Hailazwi

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, sisi watoto wakubwa tulikuwa sebuleni kwa baba tukitazama mpira. Simu ikaita. Alikuwa kitinda mimba wetu, aliyekuwa kwenye zamu ya kumuuguza baba hospitalini. Kaka aliipokea macho yakiwa bado kwenye mchezo.

"Haya, mdogo wangu, sema."

"Kaka, zimeni kwanza hiyo televisheni."

Kaka akaizima. Tukajua kabla hajamaliza kusema kwamba baba ametutoka. Televisheni ile tulimnunulia sisi wenyewe, na habari yake hatuwezi kuiruka leo, ingawa tungependa.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Plazma, alizaliwa tarehe 17 Juni 1952, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Babu alikuwa akichonga makabati ya kuwekea redio. Siku moja alimtuma baba kupeleka kabati kwa mteja, akachelewa mpaka akafuatwa. Alikutwa amejibanza nyuma ya redio, akitazama taa zake zikiwaka, wakati wenye nyumba wamekaa mbele wakisikiliza taarifa ya habari. Tangu hapo bibi alikuwa akisema, "Huyu wangu vitu anaviangalia mgongoni."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, kisha sekondari hadi 1970, na baadaye akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya umeme. Hesabu alizimudu vizuri. Kuimba kulimshinda, ingawa kanisani hakuacha kujaribu, na waliokaa benchi la mbele yake walivumilia kwa upendo.

Mwaka 1974 alifungua karakana yake jirani na kinyozi, ambaye amekuwa rafiki yake hadi mwisho. Alianza na redio, akaingia kwenye televisheni za chogo, zile zenye mgongo mkubwa, na mwaka 2005 akakutana na plazma, televisheni bapa. Aliipenda kupita kiasi. Alieleza wateja kwamba ndani ya kioo kile kuna vyumba vidogo mno vyenye gesi, umeme ukipita kila chumba kinawaka chenyewe, ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli. Kila aliyebeba plazma kutoka karakana alipewa masharti mawili. La kwanza: hailazwi, ibebwe imesimama, ikilala kioo kitapasuka. La pili: usiache picha moja imeganda kutwa nzima, itaunguza kioo na kubaki kivuli kisichofutika.

Viwanda viliacha kuzitengeneza, lakini jina likabaki mtaani, kila televisheni bapa ikaitwa plazma. Kinyozi alipomwita akaone plazma yake mpya, baba alichungulia mgongoni mwa televisheni hiyo akasema, "Hii si plazma, jirani."

"Si bapa?"

"Hata sinia ni bapa."

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, na Mungu akawajalia watoto wanne. Mama alitangulia mbele ya haki Agosti 2011. Siku zote za msiba baba aliweka picha ya mama kwenye plazma ya sebuleni, asubuhi hadi jioni. Kinyozi alimvuta pembeni akamwambia, "Fundi, si wewe unayetukataza hivi? Kioo kitaungua."

"Acha kiungue," baba akasema.

Kikaungua. Tangu mwaka ule, skrini ilipokuwa nyeupe, alionekana mama, kilemba chake na bega la kushoto. Sisi tuliokuwa tukija na kuondoka tuliona doa. Tulisema mbele yake kwamba kioo kimechoka, naye akatabasamu.

Novemba 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa wiki mbili. Tukaona tumfanyie jambo jema. Tulinunua televisheni mpya, nyembamba, tukaitundika ukutani, na plazma tukampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mkokoteni wake ulikuwa mdogo. Tuliilaza. Ilipopita kwenye jiwe la mlangoni kioo kililia, na mmoja wetu akasema, "Si inakwenda kuvunjwa tu?" Tulicheka.

Baba alirudi, akakaa kwenye kiti chake, akatazama ukutani.

"Mama yenu mmempeleka wapi?"

Tulidhani ugonjwa umemchanganya. Dada akamshika bega. "Baba, mama si alishatangulia?"

Ni kinyozi, alipokuja kumjulia hali, aliyetueleza tulichokifanya. Kaka alikimbia kwa mnunuzi na kukuta fremu tupu. Baba hakutugombeza. Alisema tu, "Ile nayo ilikuwa inakula umeme mno." Lakini hakuwahi kuomba hii mpya iwashwe. Jioni alikaa mbele yake ikiwa imezimwa, na sisi tukapita nyuma ya kiti kama wageni.

Alilazwa tena mwishoni mwa Februari. Ameacha watoto wanne, wajukuu saba, dada yake mmoja, na rafiki yake kinyozi, ambaye leo amefunga duka.

Ijumaa jioni, siku moja kabla hajafariki, tulikwenda wote kumwona. Tuliomba pamoja, kisha dada akapiga magoti kando ya kitanda akamwomba msamaha kwa niaba yetu. Baba alimwekea mkono kichwani. "Mlinitakia mema, wanangu. Hayo yamekwisha." Alikuwa ameegemea mito miwili, amechoka kukaa, lakini tuliogopa kumgusa. Tulipobaki tumesimama tu, alisema, "Nilazeni bwana. Mimi sina kioo."

Tukacheka, tukalia. Kaka akashika mabega, dada akashika miguu, kitinda mimba akaondoa mito, tukamlaza polepole. Tukamfunika. Alitushika mikono mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, na sisi watatu tukaenda nyumbani.

Bwana amlaze baba yetu mahali pa amani, naye apumzike.