Muuguzi Aliyeuliza, "Unapata Choo?"

Ijumaa hii, tarehe thelathini, muuguzi wetu wa mapokezi ya wagonjwa wa nje anastaafu baada ya miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, niliyekuwa mganga mkuu wake, niandike wasifu wake "kwa lugha ya staha", yaani nisilitaje jina lake la utani. Nitalitaja. Anaitwa Mama Choo, na tuliompa jina hilo ni sisi madaktari, tukicheka.

Alilipata wiki yake ya kwanza. Kila mgonjwa, awe na homa au jino, alimuuliza, "Unapata choo?" Babu mmoja akamjibu kwa fahari, "Ninacho, mwanangu, tena nimekiezeka bati mwaka jana." Korido nzima ikaangua kicheko. Naye alicheka, kisha akauliza upya: mara ngapi kwa wiki, kigumu au laini, kina damu? Babu alikuwa na siku tisa hajaenda haja. Sisi tulikuwa tumeshamwandikia dawa ya vidonda vya tumbo.

Hatukujifunza. Wasichana wa shule ya jirani walipokuja mfululizo wakijishika matumbo, tuliwapa dawa ya minyoo, mara tatu. Mama Choo akaenda shuleni kwa miguu. Milango ya vyoo haikuwa na makomeo, kwa hiyo watoto walijibana tangu asubuhi hadi jioni. Kesho yake alirudi na makomeo sita na bisibisi, akayafunga mwenyewe. Akawaambia wanywe maji, wale mboga na matunda, na wasiiambie haja "ngoja", maana haja ikiambiwa ngoja hununa. Matumbo yakapona. Katika ripoti ya mwaka niliandika kwamba dawa ya minyoo imefaulu.

Hilo ni dogo. Fomu yetu ilikuwa na mstari ulioandikwa "Choo". Mheshimiwa mmoja alilalamika kwamba ameulizwa mambo ya aibu mbele za watu, nami nikaufuta. Mama Choo hakubishana. Aliendelea kuuliza, na majibu akayaandika pembeni mwa karatasi kwa penseli.

Fundi seremala wetu, aliyetengeneza mabenchi yote ya korido ile, alikuja kwangu mara tatu. Mara zote niliandika "bawasiri" bila kumpima. Pembeni, kwa penseli, paliandikwa: damu miezi minne, choo kimebadilika, amekonda. Niliyasoma maneno hayo siku ya kufunga faili lake, saratani ya utumbo ilipokwisha kummaliza. Mkewe tulimwambia mumewe alichelewa kuja hospitali. Si kweli, mama. Hakuchelewa kuja. Mimi nilichelewa kusoma.

Staha gani basi mnayoniomba? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakuwahi kuiona hospitali inayomsaidia mgonjwa kuficha! Mtu mzima anatoka damu mwaka mzima, anaona haya kusema, nasi tunaona haya kuuliza. Na fomu mpya zinakwenda kuchapwa wiki ijayo, mstari ule bado haumo. Mama Choo akiondoka, swali linaondoka naye.

Siku zangu ni chache. Nimelazwa chumba cha mwisho cha wodi, vidonge vya maumivu vimenifunga tumbo, na kati ya wote wanaopita na mafaili yao, anayeniuliza ni mmoja tu. Jumamosi hatakuwepo. Mstari niliufuta kwa mkono wangu. Mkono huo sasa hauwezi hata kushika kikombe; haya yote nasema tu, mwingine ananiandikia. Urudisheni ninyi, nami niuone kabla sijafumba macho.

Asante, Mama Choo. Ulituvumilia, ukatucheka kidogo kuliko tulivyostahili. Nenda kapumzike. Tunakutakia mlo mtamu, usingizi mzito, na kila asubuhi, bila haraka wala kujikamua, choo laini.