Maisha ya Daktari Odile Bilonda, Aliyechunguza Milango ya Seli

Ndugu, wakwe na mama zetu: huyu tunayemrudisha udongoni leo alizaliwa hapa hapa Kapata, Kolwezi, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa marehemu Tata Antoine, fundi wa treni za mgodi, na Mama Mbelu.

Akiwa na miaka sita alimkuta mjomba wake Godefroid, anayewasomea haya, akinyunyizia chumvi bilinganya zilizokatwa. Akauliza yale maji yanatoka wapi. Mjomba, mwenye madarasa matano kamili, akajibu kwamba chumvi inayaita. "Yanapitia mulango gani?" Sayansi yake ilianzia hapo, maprofesa waliikuta njiani.

Alipata diploma ya sekondari Kolwezi mwaka 1997, akahitimu biolojia Lubumbashi 2003 na udaktari Ubelgiji 2011. Kule walimtaka abaki. Akarudi.

Alieleza kwamba kila seli ya mwili ina milango midogo, huu wa kalsiamu, ule wa potasiamu, na moyo hupiga kwa kufunguka na kufungwa kwake. Kobalti, madini tunayochimba hapa, huja ikauziba ule wa kalsiamu. Alitaka kujua inawafanya nini watoto wa wachimbaji kabla hawajazaliwa. Miaka sita alizunguka wodi za uzazi akikusanya damu ya vitovu, vichupa 412. Umeme wa maabara ulipozidi kukatika, alivihamishia kwenye frigo ya kugandisha nyumbani kwake, yenye betri za jua.

Tarehe 9 Agosti 2008 alifunga ndoa na Séraphin, karani wa reli kutoka Tenke, mtu mpole aliyekubali kuwa wa pili baada ya frigo.

Januari 2024 moyo wake mwenyewe ulianza kupiga ovyo. Alijua ni mlango upi uliokwama, kujua hakukumsaidia. Wiki ya mwisho, kitandani hospitalini, alisema, "Mujomba, hata mi nikikufa, ile frigo musiizime. Glodi, mwanafunzi wangu, atakuya kuikamata."

"Nani ataigusa, na mi niko?"

"Ni weye mwenyewe naogopa, mujomba."

Wakacheka wote wawili. Alifariki Jumanne, 3 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Kwenye kilio watu walijaa. Mjomba hakuizima frigo. Alitoa tu vichupa, akavipanga vizuri katika beseni, ili munkoyo wa kuwanywesha waombolezaji upate ubaridi. Alhamisi akafika Glodi, mwanafunzi wake, na masanduku ya barafu kutoka Lubumbashi. Akashika kichupa kimoja, damu yake imeyeyuka. Akakaa chini.

"Bale bamama batatoa tena," mjomba akamwambia. "Mi mwenyewe nitabaomba."

"Tata, damu ya kitovu inatokaka siku moja tu."

Ameacha mume, watoto wawili, Noëlla na Mechack, mama yake mzazi, Glodi asiye na kazi ya kumalizia, watoto 412 ambao hatutajua kilichowaingia tumboni mwa mama zao, na mjomba mmoja ambaye leo hana la kujisifia. Frigo inaunguruma pale sebuleni, tupu, kwa sababu alisema isizimwe.

Mungu ampe utulivu ambao sisi tulishindwa kumtunzia kwa siku mbili.